Pakiti Isiyowezekana: Uhakiki wa Kanuni ya Kurekodi Anwani Batili za Watumaji katika Mitandao Midogo ya Kinyamaseke na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kanuni inayozitaka ruta na faiwoli kuzirekodi pakiti zinazowasili zikiwa na anwani batili ya mtumaji. Matini yanayochunguzwa ni RFC 1812 ya mwaka 1995, RFC 2827 ya mwaka 2000, na mstari wa kumbukumbu unaoandikwa na kiini cha Linux. Hoja inayojengwa ni kwamba kumbukumbu hii iliasisiwa ili imsaidie fundi kuutafuta waya wenye kasoro, lakini imekuja kusomwa kama orodha ya washukiwa, na kwamba usomaji huo hugharimu zaidi katika mitandao midogo ya mpakani kama ile ya ukanda wa Kinyamaseke na Bwera, wilayani Kasese.

Utangulizi

Kinyamaseke ni mji mdogo wa biashara kwenye barabara itokayo Kikorongo kwenda Bwera na hatimaye Mpondwe, ambako Mto Lhubiriha unaitenga Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ng'ambo ya mto ni Kasindi. Lugha ya wenyeji inavuka mto bila pasipoti: upande wa Uganda huitwa Lhukonzo, upande wa Kongo Kinande, na pale mazungumzo yanapohusu bei na mizigo, Kiswahili huchukua nafasi. Ni mahali ambapo swali la "huyu ametoka wapi?" huulizwa kila siku. Juni 2019 swali hilo lilikuwa la uhai na kifo, pale familia iliyotoka Kongo ilipotafuta matibabu katika Hospitali ya Kagando na mtoto wao akathibitishwa, akiwa Bwera, kuwa na Ebola.

Makala haya yanashughulikia swali hilohilo likiulizwa na mashine. Kila pakiti ya data inayosafiri katika intaneti hubeba anwani mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji. Mtandao huipeleka pakiti kwa kusoma anwani ya mpokeaji peke yake. Anwani ya mtumaji haihakikiwi na yeyote njiani, isipokuwa pale ambapo mwenye ruta ameamua kuihakiki. Uamuzi huo ndio unaoitwa uchujaji wa anwani batili, na hatua yake ya pili, ambayo ndiyo kiini cha uhakiki huu, ni kuandika katika kumbukumbu kwamba pakiti fulani imekataliwa.

Kwa mshauri wa sera, kishawishi ni kuidai hatua hiyo ya pili kwa kila mwenye mtandao, mkubwa kwa mdogo, kwa sentensi moja ya mkataba au ya leseni: rekodi pakiti zote zenye anwani batili. Sentensi hiyo inaonekana haina hasara. Ina hasara.

Kanuni mbili, nia mbili

RFC 1812, iliyohaririwa na Fred Baker na kutolewa Juni 1995, ni hati ndefu inayoeleza jinsi ruta ya itifaki ya IP inavyopaswa kutenda. Katika sehemu yake inayohusu anwani zisizokubalika, hati hiyo inazitaja anwani ambazo haziwezi kamwe kuwa za mtumaji halali: anwani ya ndani ya mashine yenyewe inayoanza na 127, anwani za matangazo, anwani za makundi. Kisha inashauri kwamba ruta ikiitupa pakiti ya aina hiyo, irekodi anwani ya mtumaji na ya mpokeaji; na ikiwa tatizo liko kwenye anwani ya mtumaji, irekodi pia mlango halisi ambao pakiti ilipitia na anwani ya kifaa cha jirani kilichoileta.

Sharti hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Waandishi walitambua kwamba pakiti ikishajulikana kuwa anwani yake ya mtumaji si ya kweli, anwani hiyo haina tena ushahidi wowote ndani yake. Kinachobaki kuwa kweli ni mlango na jirani: kebo ipi, kifaa kipi. Hayo ni maneno ya fundi anayetaka kujua ashike ngazi aende paa lipi. Hata waandishi wa kiini cha Linux waliliona jambo hilo, kwani katika msimbo wao waliacha maelezo mafupi kwamba, kwa mujibu wa RFC 1812, dokezo pekee katika hali hii ni kichwa cha pakiti chenye anwani ya kifaa.

Miaka mitano baadaye hali ilikuwa tofauti. Septemba 1996 mtoa huduma mmoja wa New York aitwaye Panix alikuwa amelemazwa kwa siku kadhaa na mafuriko ya maombi ya kuunganishwa yaliyobeba anwani za watumaji zilizoghushiwa. Paul Ferguson na Daniel Senie waliandika RFC 2267 ya Januari 1998, na Mei 2000 wakaibadilisha kwa RFC 2827, inayojulikana zaidi kama BCP 38. Ujumbe wake ni mwepesi na hadi leo haujapingwa kwa hoja: kila mtoa huduma azuie, mlangoni mwa mteja wake, pakiti ambayo anwani yake ya mtumaji si ya mteja huyo. Nao pia wanashauri pakiti zilizotupwa zirekodiwe. Lakini sababu wanayoitoa ni kupata msingi wa kufuatilia nyendo za kutia shaka.

Hapo ndipo nia ilipogeuka. Hati ya kwanza inasema nini kiandikwe na haijishughulishi na shaka. Hati ya pili inataja shaka na haisemi nini kiandikwe. Sera nyepesi huchukua sababu kutoka hati ya pili na kuusahau ukamilifu wa ile ya kwanza, ikabaki na kumbukumbu ya anwani tupu, yaani sehemu ile ile ya pakiti ambayo tayari imethibitika kuwa si ya kuaminika. Ni sawa na askari wa lango aandikaye kwa uangalifu jina la uongo alilopewa na kuacha kuandika namba ya gari.

Hili halipunguzi umuhimu wa uchujaji wenyewe. Shambulio dhidi ya Spamhaus Machi 2013, lililoripotiwa kufikia takriban gigabiti 300 kwa sekunde, na lile la GitHub Februari 2018, lililofika terabiti 1.35 kwa sekunde, yote mawili yaliwezekana kwa sababu mitandao fulani iliruhusu pakiti zenye anwani ya mtu mwingine zitoke. Anayeghushi anwani ya mhanga huwatumia watu wa kati maswali madogo, na majibu makubwa humwangukia mhanga. Mtandao unaochuja mlangoni mwake hauwezi kutumika kwa njia hiyo. Kinachohakikiwa hapa ni kumbukumbu. Kuchuja hakuna mgogoro nako.

Mstari usomwao kinyume

Katika Linux, ambayo imo ndani ya sehemu kubwa ya ruta ndogo zinazouzwa Afrika Mashariki, kurekodi huku huwashwa kwa kuweka thamani ya 1 kwenye kipengele kiitwacho log_martians. Kwa kawaida yake kiini cha Linux hukiacha kikiwa kimezimwa. Kikiwashwa, kumbukumbu hutoa mistari ya umbo hili:

martian source 192.168.20.7 from 203.0.113.5, on dev eth2

Msomaji yeyote wa Kiingereza, na hata fundi mzoefu, atauelewa mstari huu kwa namna moja: chanzo chenye kasoro ni 192.168.20.7. Sivyo. Anwani ya kwanza ni ya mpokeaji; ya mtumaji ni ile inayofuata neno "from". Neno "source" linaeleza aina ya kasoro, kwamba kasoro iko kwenye chanzo, ilhali mpangilio wa sentensi unamfanya msomaji aliunganishe na namba iliyo karibu nalo. Mstari unaofuata katika kumbukumbu, ule wenye kichwa cha pakiti, una mtego wa aina hiyo hiyo: baiti sita za kwanza ni anwani ya kifaa kilichopokea, na jirani aliyeileta pakiti ni baiti sita zinazofuata.

Uhakiki wa lugha hauna haja ya kutafuta mfano mkali kuliko huu. Sintaksia ya mstari mmoja humgeuza aliyeandikiwa kuwa aliyeandika. Katika mtandao wa chuo kikubwa chenye wataalamu, kosa hilo hugunduliwa baada ya saa moja ya kukuna kichwa. Katika mtandao mdogo ambako kumbukumbu husomwa na mtu aliyetumwa na ofisi kutafuta mhalifu, mstari huo huelekeza kidole kwenye kompyuta iliyokuwa ikingojea jibu. Mwenye kompyuta hiyo hatakuwa na njia ya kujitetea, kwa sababu anwani yake imeandikwa pale, waziwazi, na mashine isiyo na chuki na mtu.

Kuna jambo la tatu ambalo mstari hausemi, nalo ni idadi. Kiini cha Linux hujizuia kuandika kupita kiasi. Kwa mpangilio wa kawaida huruhusu takriban jumbe 10 kwa mkupuo mmoja katika muda wa sekunde 5, na zinazozidi humezwa. Kwa hiyo kuhesabu mistari si kuhesabu pakiti. Taarifa inayosema kwamba majaribio ya kuingilia yameongezeka mara tatu kwa kuwa mistari imeongezeka mara tatu haina msingi wowote wa kitakwimu. Anayetaka idadi ana chombo kingine: Linux huweka kihesabuji cha pakiti zilizokataliwa kwa kigezo cha njia ya kurudi, nacho hakifungwi na kikomo hicho.

Mlango wa pili

Tatizo zito kuliko yote limo ndani ya neno "batili" lenyewe. Linux huziweka chini ya jina moja pakiti za aina mbili zisizofanana. Aina ya kwanza ni ile ya RFC 1812: anwani isiyowezekana popote, kama 127 kuja kutoka nje. Aina ya pili ni anwani halali kabisa iliyoingia kwa mlango usiotarajiwa. Ukaguzi huu wa pili huitwa uchujaji wa njia ya kurudi. Ruta hujiuliza: kama ningetaka kumwandikia mtumaji huyu, ningetumia mlango gani? Ikiwa mlango huo si ule ulioileta pakiti, katika hali kali pakiti hutupwa na kurekodiwa kama batili.

Mantiki hiyo ni sahihi kwa nyumba yenye mlango mmoja. Mtandao wa taasisi katika ukanda wa Kasese, ikiwa umepangwa na mtu mwenye busara, haupaswi kuwa na mlango mmoja. Mei 2020 Mto Nyamwamba ulifurika na kuiharibu vibaya hospitali ya Kilembe; umeme hukatika; minara hupoteza nishati. Anayetegemea njia moja ya kutokea anategemea bahati. Kwa hiyo fundi huweka kiungo cha redio au faiba kwa mtoa huduma mmoja, na modemu ya simu ya kampuni nyingine kama akiba.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa zahanati ya Kinyamaseke. Njia kuu ya kutokea ni redio inayoelekea Kasese. Fundi ameona kwamba redio husumbua mchana, hivyo ameipangia kompyuta ya ripoti za afya, yenye anwani 192.168.20.7, itumie modemu ya simu. Kompyuta hiyo ndiyo inayojaza takwimu za magonjwa katika DHIS2, mfumo unaotumiwa na Wizara ya Afya nchi nzima. Ripoti inatoka kwa modemu na kufika Kampala. Seva inajibu, na jibu linarudi kwa modemu, kama ilivyopasa. Ruta inalipokea na kujiuliza swali lake: seva hii ya Kampala ningeiandikia kwa mlango gani? Jedwali kuu la njia linajibu: redio. Utaratibu maalumu wa fundi haumo katika jedwali hilo, na usipowekwa wazi hautazamwi wakati wa ukaguzi. Jibu la Wizara linatupwa. Kompyuta inasubiri, inarudia, inakata tamaa. Katika kumbukumbu unaandikwa mstari ule uliotolewa hapo juu, ukiwa na anwani ya zahanati mbele na anwani ya seva nyuma. (Anwani 203.0.113.5 imetengwa kwa mifano ya vitabuni tu. Katika maisha halisi nayo ingekuwa batili.)

Yaani kumbukumbu imeishuku Wizara, msomaji asiyejua sintaksia yake ataishuku zahanati, na ripoti haijafika. Iwapo ripoti hiyo ni ya homa yenye kutoka damu katika wilaya inayopakana na Kongo, gharama ya ripoti kuchelewa haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyekuwapo Bwera mwaka 2019.

Dawa inajulikana tangu Machi 2004, ilipotolewa RFC 3704 ya Baker na Pekka Savola kwa ajili hasa ya mitandao yenye njia zaidi ya moja. Kwenye ruta ya Linux, ukaguzi mkali hupewa thamani ya 1 na ukaguzi legevu thamani ya 2; katika huo wa pili ruta huridhika ikiwa mtumaji anafikika kwa mlango wowote. Fundi anayebadilisha namba moja ataiokoa zahanati. Lakini mkataba ulioandika "uchujaji mkali na kumbukumbu kamili kwa milango yote" utamfanya mvunja mkataba. Hiki ndicho kiini cha lawama ya makala haya kwa sera za sentensi moja: zinamwadhibu yule aliyejiandaa kwa kukatika kwa njia na kumsifu aliyebaki na njia moja.

Ipo pia tofauti ya ndani na nje ambayo sentensi hiyo huifuta. Pakiti yenye anwani batili inayoingia kutoka upande wa watumiaji, yaani kwa mlango unaotazama wodi, darasa au kaunta ya SACCO, ina maana inayoweza kufuatwa. Mara nyingi sana ni jambo dogo: simu iliyobeba anwani ya nyumbani, ruta ya pili iliyochomekwa kinyume, kompyuta iliyokosa kupewa anwani ikajipa yenyewe inayoanza na 169.254, au programu ya VPN iliyosanidiwa vibaya. Mara chache ni mashine iliyoambukizwa inayoshiriki shambulio bila mwenyewe kujua. Katika hali zote hizo mlango na kifaa vinajulikana, na kuna mtu wa kumwendea. Pakiti batili inayotoka upande wa intaneti haina mtu wa kumwendea. Anwani ni ya uongo, na jirani aliyeileta ni ruta ya mtoa huduma, ile ile kwa kila pakiti. Kuirekodi kwa mstari kamili ni kujaza daftari kwa jina moja. Huko inatosha kutupa kimyakimya na kuhesabu.

Kwa sababu hiyo hiyo, kumbukumbu iliyoandikwa Kampala haiwezi kuziba pengo la Kinyamaseke. Anwani ya kifaa haivuki ruta. Hufia kwenye hatua ya kwanza. Pakiti ikishafika kwenye mkongo wa taifa au kwenye kituo cha kubadilishana data cha UIXP, dokezo pekee ambalo RFC 1812 ilitaka lihifadhiwe limekwisha kupotea. Ushauri wa kiufundi na fedha za mafunzo zinapaswa kuelekea ukingoni mwa mtandao, mahali ambapo mara nyingi hapana mwajiriwa hata mmoja mwenye cheo cha fundi.

Orodha zilizozeeka

Zipo anwani ambazo ubatili wake ni wa muda. Wasanidi wengi hunakili orodha ya anwani batili kutoka kwenye mwongozo wa mtu mwingine na kuiacha hapo miaka mingi. Zamani orodha hizo zilijumuisha mafungu yote ambayo hayajagawiwa. Fungu linaloanza na 69 lilipotolewa mwaka 2002, waliolipokea walikuta sehemu za intaneti zimewafungia milango, kwa sababu faiwoli za watu ziliendelea kuwahesabu kuwa hawapo.

Afrika ilichelewa kupata msajili wake, na ucheleweshaji huo una matokeo hapa. AFRINIC ilitambuliwa rasmi mwaka 2005 na mwaka huo huo ikapata fungu la 41. Fungu la 102 ililipata Februari 2011, katika mgao wa mwisho kabisa wa akiba ya dunia. Leo watumiaji wengi wa Afrika Mashariki wana anwani za mafungu hayo. Orodha iliyonakiliwa kutoka mwongozo wa mwaka 2004 huyahesabu yote mawili kuwa hayawezekani. Ikiwekwa kwenye faiwoli ya Bwera itamrekodi jirani wa Kasese kama kiumbe cha sayari nyingine, na itamfungia.

Kinyume chake pia hutokea. Anwani zinazoanza na 10 au 192.168, zilizotengwa na RFC 1918 ya Februari 1996 kwa matumizi ya ndani, na zile za fungu la 100.64 zilizotengwa Aprili 2012 kwa watoa huduma wanaogawana anwani moja kwa wateja wengi, huhesabiwa batili zikitoka nje. Hata hivyo mteja wa simu mara nyingi hupewa anwani ya aina hiyo hiyo kwenye mlango wake wa nje, na seva ya majina ya mtoa huduma huweza kuwa na anwani ya ndani vilevile. Kanuni iliyonakiliwa neno kwa neno humkata mteja na mtoa huduma wake mwenyewe. Anwani haiwi batili peke yake. Huwa batili mahali fulani, kwa mlango fulani.

Istilahi: Mmirihi, mgeni na batili

Neno la Kiingereza "martian" ni utani wa mafundi: pakiti imetoka Mirihi, sayari ambayo haina mtandao. Utani ukiingia kwenye msimbo hugeuka istilahi, na istilahi ikitafsiriwa hugeuka sera. Ndiyo maana suala hili linalihusu kongamano la Kiswahili kama linavyowahusu wahandisi.

Tafsiri ya haraka itakuwa "pakiti ngeni". Ni tafsiri mbaya, na katika Bwera ni tafsiri ya hatari. Pakiti iliyotoka Kasindi, Goma au Beni kwa anwani ya kampuni ya Kongo ni halali kabisa. Ruta haina sababu ya kuisimamisha. Pakiti inayoitwa batili mara nyingi hutoka chumba cha pili. Ripoti kwa ofisi ya wilaya yenye maneno "pakiti 400 za kigeni zimezuiwa" ingesomwa, katika mji wa mpakani wenye historia ya mashambulizi ya waasi, kwa maana ambayo ruta haikuikusudia kamwe.

"Pakiti ghushi" nayo haifai kuwa jina la jumla. Kughushi kunahitaji nia. Simu iliyosahau kubadilisha anwani haijaghushi chochote. Na kinyume chake, mshambuliaji hodari hutumia anwani iliyo halali, ila ni ya mtu mwingine, nayo haitaonekana katika orodha yoyote ya anwani batili. Batili isiyo ghushi na ghushi isiyo batili ni vitu viwili, na sheria zinapaswa kuvitofautisha. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Uganda ya mwaka 2011, mashtaka husimama juu ya nia na idhini. Mstari wa kumbukumbu hauna habari ya lolote kati ya hayo.

Makala haya yanapendekeza "anwani batili ya mtumaji" kwa ile isiyowezekana popote, na "anwani ya mlango usiotarajiwa" kwa ile inayokataliwa kwa kigezo cha njia ya kurudi. La pili ni refu, lakini urefu wake unamlazimu msomaji aulize ni mlango upi. Mstari wenyewe unaweza kuandikwa upya na programu ndogo inayosoma kumbukumbu: "Imekataliwa kwenye mlango eth2: mtumaji 203.0.113.5, ikielekea 192.168.20.7; sababu, mlango usiotarajiwa; kifaa kilichoileta ni hiki." Mtumaji anatangulia, mpokeaji anafuata, sababu inatajwa.

Kazi hiyo ya istilahi ina wateja tayari. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mwaka huo huo Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Fundi wa Bwera amesoma miongozo ya Kiingereza, wa Kasindi ya Kifaransa. Wanapopigiana simu kuhusu kiungo kilichokufa huzungumza Lhukonzo au Kiswahili, mmoja akisema "anwani", mwingine "adrese". Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingefanya jambo la maana kuanza na misamiati ya watu hawa kabla ya kuunda mingine mezani. Tanbihi ndogo: "ukuta wa moto", tafsiri iliyozoeleka ya faiwoli, humpa mwanafunzi picha ya ukuta unaowaka, ilhali kifaa asilia katika ujenzi ni ukuta unaouzuia moto usihamie nyumba ya pili. Mafundi husema "faiwoli", na makala haya yamewafuata.

Saa, hifadhi na faragha

Kumbukumbu inayodaiwa na sera huandikwa wapi, na kwa tarehe ipi? Ruta nyingi za MikroTik, kwa mpangilio wa kiwandani, huhifadhi mistari 1,000 tu ndani ya kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme ukikatika. Ruta nyingi za bei nafuu pia hazina betri ya saa. Zikiwashwa upya kabla ya kupata intaneti huweza kuandika tarehe ya mwaka 1970 au ile ya mwisho iliyohifadhiwa. Mistari ya dakika za kwanza baada ya umeme kurudi, ambazo ndizo dakika zenye vurugu kubwa ya anwani, hubeba tarehe ya uongo pamoja na anwani ya uongo. Hakuna ushahidi wa mahakamani unaoweza kujengwa hapo. Ukarabati unawezekana, kwa kuwa fundi anajua umeme ulirudi lini.

Anwani ya kifaa nayo imepungua uzito kama utambulisho wa mtu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujibunia anwani tofauti kwa kila mtandao wa Wi-Fi. Ndani ya zahanati moja anwani hiyo bado humsaidia fundi kuipata simu yenye kasoro. Nje ya zahanati haimaanishi chochote. Hilo linalingana na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayotaka data ikusanywe kwa kiasi kinachohitajika na kwa kusudi lililotajwa. Ikiwa kusudi ni ukarabati, siku chache za hifadhi zinatosha. Mkataba unaodai mwaka mzima unapaswa kueleza kusudi lingine ni lipi.

Limebaki suala la IPv6. Kipengele cha Linux cha kuhakiki njia ya kurudi kilichoelezwa katika makala haya ni cha IPv4 peke yake. Kwa IPv6 fundi hana namba ya kubadilisha, bali huandika kanuni mwenyewe ndani ya faiwoli. Mtandao wa simu unaompa mteja anwani za aina zote mbili unaweza hivyo kuwa na mlango mmoja unaolindwa na kurekodiwa, na mwingine ulio wazi bila mstari hata mmoja, huku mwenye mkataba akiamini, kwa kuangalia kumbukumbu, kwamba pamefungwa.